Usiku wa giza una wenyewe: siku tano za kutazama Omega Centauri, kutoka Mwanza hadi Ukara

Fungunyota tufe ni nyota laki kadhaa, wakati mwingine mamilioni, zilizobanana kuwa mpira mmoja kwa mvutano wao zenyewe. Njia Nyeupe, galaksi yetu, ina matufe zaidi ya 150 yanayojulikana. Kubwa na angavu kuliko yote ni Omega Centauri, na Mwanza imekaa pazuri kulitazama. Mji uko digrii 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tufe hili likifika juu kabisa husimama digrii 45 upande wa kusini, nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Mtu wa London halioni hata siku moja, kwake halichomozi.

Hizi ni kumbukumbu za siku tano za katikati ya Juni, kiangazi, zikizunguka usiku ambao mwezi hauonekani kabisa.

13 Juni: Mwanza mjini, kisha Luchelele

Vifaa: darubini ya Dobsoni (bomba juu ya kitako kinachosukumwa kwa mkono) ya inchi 8, yaani kioo kikuu cha milimita 203 chenye urefu wa fokasi wa milimita 1200. Bomba na kitako chake, karibu kilo 20. Lenzi za jicho tatu: milimita 25, 10 na 6. Ukitaka kujua kila moja inakuza mara ngapi, gawanya 1200 kwa namba yake: mara 48, mara 120, mara 200. Darubini ya mkononi ya 10×50, yaani hukuza mara 10 na lenzi zake za mbele ni milimita 50. Tochi iliyopakwa rangi nyekundu ya kucha mara tatu, maana mara moja haitoshi, mwanga mweupe hupenya. Kanga mbili, mkeka, na koti. Koti si mapambo; ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na saa 8 usiku wa Juni utalitafuta.

Mchana ni wa kulinganisha vioo. Toboa tundu la milimita 2 katikati ya kifuniko cha plastiki cha kishikio cha lenzi, kisha chungulia hapo ukiwa umeelekeza bomba kwenye ukuta mweupe, kamwe si upande wa jua. Kwanza kioo kidogo cha mlalo, kile cha mshazari karibu na mdomo wa bomba, kionekane duara kamili chini ya jicho lako. Halafu vibanio vitatu vya kioo kikuu vionekane vyote. Kimoja kikijificha, zungusha skrubu ndogo za kioo cha mlalo, robo mzunguko kila mara. Mwisho nenda nyuma ya bomba, zungusha skrubu za kioo kikuu mpaka taswira ya tundu lako iingie ndani ya kipete kilichobandikwa katikati ya kioo hicho. Wengi huanza na skrubu za nyuma kwa sababu ndizo kubwa na rahisi kushika. Ukianza huko utazunguka mchana kutwa bila kufika, maana kioo cha mlalo kikiwa kimepinda kinavuruga kila unachorekebisha nyuma.

Uhakiki hufanywa usiku kwa nyota. Chagua nyota angavu, weka mara 200, vuruga fokasi kidogo: utaona vipete vya mwanga, kimoja ndani ya kingine. Vikiwa na kitovu kimoja, vioo viko sawa. Vikisogea upande mmoja kama kitunguu kilichokatwa vibaya, rudi kwenye skrubu. Usitumie Alfa Centauri kwa kazi hii. Ni nyota pacha, na darubini ya inchi 8 huzitenganisha kwa urahisi, kwa hiyo utaona vipete vya nyota mbili na kuilaumu darubini isiyo na kosa. Beta Centauri, jirani yake, inafaa.

Sasa mahali. Watu wa Mwanza hukimbilia juu ya mawe. Kweli mandhari ni nzuri, lakini mwamba wa matale ni jiko: hunywa jua kutwa na kulitoa usiku kucha. Hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye jiwe huzitikisa nyota kama kitu kinachotazamwa juu ya moshi wa mkaa, na hakuna lenzi itakayotibu hilo. Weka darubini kwenye majani au udongo, hatua 30 au zaidi kutoka kwenye mwamba wowote mkubwa. Bati na lami vina tabia hiyohiyo, ila hupoa mapema kidogo.

Usiku wa kwanza ulikuwa Luchelele, ng'ambo ya Malimbe. Kwa asiye na nafasi ya kwenda visiwani, hapa panatosha, na sababu ni ya kijiografia tu: taa za mji zinabaki nyuma, kaskazini, na Omega iko kusini. Anayepanda kilima cha kaskazini mwa mji ili akimbie taa anajikuta anaitazama Omega kupitia moshi na mwanga wa mji mzima.

Jua lilizama saa 12:47 jioni. Darubini hutolewa nje saa hiyohiyo, vifuniko wazi, bomba likielekea juu, ili kioo kipoe sawa na hewa. Kioo cha inchi 8 hutaka dakika 40 hadi saa nzima. Giza kamili huingia saa 2:02 usiku. Mtu naye apoe macho: nusu saa bila mwanga mweupe. Simu ukiiwasha sekunde moja kusoma ujumbe, hesabu nusu saa nyingine.

Kuipata Omega hakuhitaji kompyuta. Elekea kusini. Kulia kuna Salibu, ule msalaba wa nyota nne. Kushoto kuna nyota mbili angavu zilizosimama jirani, Alfa na Beta Centauri. Beta ndiyo iliyo karibu na Salibu. Toka Beta panda hadi Epsilon Centauri, karibu digrii 8, kisha endelea kwa mstari uleule digrii 6 hivi. Vidole vitatu vya katikati, mkono ukiwa umenyooshwa, hufunika karibu digrii 5. Njia ya pili ni ya uhakika zaidi kwa darubini ya mkononi: Zeta Centauri iko digrii 5 mashariki ya Omega, kwenye kimo kilekile. Weka Zeta ukingoni kushoto mwa uwanja wa 10×50, Omega itakuwa imekaa kulia ikikungoja.

Saa 2:47 usiku ilikuwa juu kabisa. Kwa jicho tupu, nyota yenye ukungu, mwangaza wa kipimo 3.9 (namba ikipanda, mwanga ni hafifu zaidi). Johann Bayer aliipa herufi omega mwaka 1603 akiichukulia kuwa nyota, na ukiitazama kutoka Luchelele kwa haraka humlaumu. Edmond Halley ndiye aliyeona mwaka 1677, akiwa kisiwa cha Mtakatifu Helena, kwamba kile kitu kina ukungu. Kwa mara 48 palionekana punje ukingoni, kiini kikiwa bado ukungu. Saa 4 mawingu membamba yalifunga kusini, kazi ikaisha.

14 Juni: meli hadi Nansio

Safari ya meli kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, huchukua saa kadhaa. Bomba lilazwe juu ya blanketi iliyokunjwa, si kusimamishwa, na kamwe lisiegemee ukuta wa chumba cha injini: mtetemo wa injini hulegeza skrubu kimoja baada ya kingine. Kitako huwekwa chini, lenzi hubebwa mkononi. Mdomo wa bomba hufungwa kwa kofia ya kuogea ya plastiki, ile ya saluni. Inabana vizuri kuliko kifuniko chenyewe.

Unyevu wa ziwa huharibu lenzi taratibu, bila kelele. Kuvu huota kwenye kioo kama utando wa buibui, na ukishaona utando, kuvu imeshakula mipako ya lenzi. Sanduku la lenzi liwe na vipakiti vya silika vilivyokaushwa upya, na lisifungwe likiwa na lenzi yenye umande.

Nansio jioni ilikuwa somo la dira. Mji wa Mwanza uko karibu kilomita 50 kusini, na wingu lake la mwanga huonekana chini kabisa, kulia kidogo mwa kusini. Omega, ikiwa digrii 45, iko juu ya wingu hilo na haidhuriki sana. Vitu vya chini ya digrii 20 vinazama ndani yake.

Tatizo kubwa lilikuwa majini. Anayekuja visiwani mara ya kwanza huamini ziwa ni giza. Si giza, hasa siku hizi hizi. Dagaa huvuliwa kwa taa: mwanga huwavuta juu, nyavu huwafuata. Mbalamwezi ikiwepo taa haivuti kitu, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku za mwezi mpevu na kuingia kazini wakati wa giza. Kalenda yao na ya mtazama nyota ni moja. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye mwanga wa manjano. Sasa ni taa za sola na betri, nyeupe zenye ubluu, kali zaidi kwa jicho lililozoea giza. Kufika saa 3 upeo wote wa ziwa umewaka kama mji unaoelea.

Taa hizo haziangazi anga ya juu kama mji unavyofanya. Zinachoharibu ni jicho. Ukiinua kichwa kutoka kwenye lenzi ukapigwa na mstari wa taa 200, mboni hufunga, na nyota hafifu ulizokuwa unazihesabu zimekwenda. Dawa yake ni kusimama mahali ambapo kuna kitu kati yako na maji (mwinuko, kichaka, hata mwamba, mradi uko mbali hatua zile 30) na kufanya kazi ndani ya kanga: jifunike kichwa na kishikio cha lenzi pamoja, kama mtu anayejifukiza. Kanga nyepesi hupitisha mwanga, tumia mbili au kitenge kizito.

Hakuna kilichochorwa usiku huo.

15 Juni: Bugolora, kivuko, Bwisya. Usiku wa Omega

Kutoka Nansio ni gari hadi Bugolora, kisha kivuko hadi Bwisya, kisiwani Ukara. Barabara ilikuwa imevuruga vioo tena. Robo mzunguko wa skrubu mbili za nyuma ulitosha.

Kabla ya kufungua sanduku, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Watu waliovaa makoti wakizunguka bomba jeusi saa 7 usiku huku wakinong'ona, na tochi nyekundu, ni picha isiyohitaji maelezo kwa sungusungu. Eleza mchana, onyesha vifaa, na usiku mpe mwenyekiti na vijana wake nafasi ya kwanza ya kuchungulia. Waanze na Omega kwa mara 48, wasianze na galaksi hafifu ambayo hawataiona na watadhani wanadanganywa.

Ukara ni kisiwa chenye watu wengi na mashamba yaliyobanana, kwa hiyo sehemu wazi ni chache. Uwanja wa mpira wenye majani, mbali na ufuo, ulifaa. Mbali na ufuo ni lazima, si hiari: viboko hutoka majini usiku kula majani, na mtu aliye kati ya kiboko na maji yuko hatarini kuliko aliye mahali pengine popote. Mamba nao wapo. Dawa ya mbu ipakwe kwenye mikono na shingo, kisha vidole vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa vifaa. Zile zenye kemikali ya DEET huyeyusha plastiki na kuacha alama za vidole za kudumu.

Saa 2:15 giza lilikuwa tayari. Omega ilifika juu saa 2:39, dakika 8 mapema kuliko Luchelele siku mbili nyuma, maana nyota huwahi karibu dakika 4 kila usiku. Anayeahirisha kutoka Juni hadi katikati ya Julai atalikuta tufe likiwa limefika juu wakati jua linazama, na muda wa kulitazama umepungua kwa saa mbili.

Jicho tupu: doa lenye ukungu, halimetimeti kama nyota jirani. Kutomemeta huko kunatosha kulitambua.

10×50: duara la ukungu karibu na upana wa mwezi mpevu, kiini king'avu, ukingo unaofifia bila mpaka. Hakuna punje.

Mara 48: hapa ndipo mambo huanza. Ukungu unavunjika kuwa sembe iliyonyunyizwa juu ya kaniki. Si duara kamili. Limebonyea kidogo, kwa sababu tufe zima linajizungusha. Nyota angavu zaidi ndani yake ni za kipimo cha 11.5 hivi, na darubini ya inchi 8 chini ya anga nzuri hufika 13 na ushei, ndiyo maana punje zinaonekana kwa maelfu. Nyota zinazoonekana ni majitu mekundu tu, nyota zilizozeeka na kuvimba. Zilizo kama jua letu ni hafifu mno kwa kioo hiki. Kwa ujumla mle ndani kuna nyota karibu milioni 10, umbali wa miakanuru 17,000 hivi (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja).

Mara 120: uwanja wa lenzi hii una upana wa dakika 26 za digrii (digrii moja ina dakika 60), na tufe ni pana kuliko hivyo. Linajaa na kumwagika nje. Tazama hivi: usikodolee kiini. Elekeza jicho pembeni kidogo, karibu nusu ya njia kuelekea ukingo, lakini weka akili katikati. Sehemu ya jicho iliyo pembeni ndiyo inayoona mwanga hafifu. Pumua kawaida, anayezuia pumzi ananyima jicho hewa na picha inakuwa kijivu. Gonga bomba kwa kidole polepole: kitu kinachotikisika huonekana kuliko kilichotulia. Baada ya dakika tano hivi kiini chenyewe kinaanza kutoa punje, si zote kwa pamoja, ila moja hapa, tatu pale, zikiingia na kutoka kadiri hewa inavyotulia na kutibuka. Watazamaji wengine huripoti mabaka mawili meusi karibu na kiini. Yalionekana kwa mara 120, hayakuonekana kwa mara 48.

Mara 200: giza zaidi, ukungu zaidi. Ukuzaji hugawa mwanga uleule kwenye eneo kubwa zaidi. Kwa Omega, mara 120 hadi 150 ndiyo kikomo chenye faida kwa inchi 8, na anayesema vingine ana kioo kikubwa zaidi au hajatazama Omega.

Dobsoni haina injini, kwa hiyo tufe linatembea. Kwenye kimo hiki cha anga huhama karibu dakika 10 za digrii kila dakika ya saa, na kuvuka uwanja wa mara 120 kwa dakika mbili na nusu. Usilifukuze kwa kusukuma kila sekunde. Liweke ukingo wa mashariki, ondoa mkono, liache lipite, kisha rudisha. Kitako kikisukumwa kinarukaruka, paka nta ya mshumaa kwenye vipande vya plastiki vinavyosuguana. Usipake mafuta, yanaokota vumbi la uwanja na kuwa msasa.

Mchoro: duara la sentimita 8 kwenye karatasi, penseli laini. Anza na nyota angavu nne au tano za nje ya tufe, ziwe nanga. Sugua ukungu kwa kidole, kiini kizito, ukingo mwepesi. Punje huja mwisho, na usizihesabu, weka msongamano tu. Andika saa, ukuzaji, hali ya hewa. Anayejaribu kuweka kila nyota mahali pake anamaliza usiku akiwa na robo ya tufe na shingo iliyokakamaa.

Omega ina mambo yasiyo ya kawaida kwa tufe. Nyota zake si za rika moja, ndiyo maana wanaastronomia wengi hudhani ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na Njia Nyeupe, ikavuliwa nyota za nje ikabaki kokwa. Mwaka 2024, kutokana na picha za darubini ya angani ya Hubble za zaidi ya miaka 20, nyota saba karibu na kiini zilionekana zikienda kasi kupita kiasi. Maelezo yaliyotolewa ni shimo jeusi lenye uzito wa angalau majua 8,200. Nyota hizo saba hazionekani kwa inchi 8. Ila eneo lenyewe unalitazama, pale mwanga ulipokolea.

Kabla ya kuondoka hapo, panda digrii 4.5 kaskazini: Centaurus A, galaksi, doa la mviringo lililokatwa na ufito wa giza katikati. Kwa mara 48 ufito ulionekana kwa jicho la pembeni.

Saa 7 umande ulishika. Kwanza lenzi ya jicho, baadaye darubini ya kutafutia, ile ndogo iliyo ubavuni mwa bomba. Kioo kikuu kiko chini ya bomba refu na hukawia. Dalili ni kwamba nyota zinaota taji la mwanga na mtu anahangaika na fokasi. Usifute kwa kanga, utakwaruza. Lenzi ya akiba ikae mfukoni, karibu na mwili, na zibadilishane kila dakika 20. Kwa darubini ya kutafutia, zungushia kipande cha mkeka wa sponji kitokeze sentimita 15 mbele ya kioo.

16 Juni, alfajiri: 47 Tucanae

Omega ilizama karibu saa 9 usiku, lakini 47 Tucanae, tufe la pili kwa mwangaza, lilikuwa limechomoza kusini-mashariki tangu saa 7 na kitu. Saa 11:15 alfajiri lilikuwa digrii 16 tu juu ya upeo, karibu kusini kabisa. Kabla ya mwanga wa kwanza kuna dakika 20 za kazi, kwani anga huanza kupauka saa 11:34.

Tofauti na Omega huonekana mara moja. Omega ni tambarare, mwanga umesambaa. 47 Tucanae ina kiini kama taa iliyowashwa ndani ya ukungu. Harlow Shapley na Helen Sawyer walipanga matufe kwa madaraja 12 ya msongamano mwaka 1927, la kwanza likiwa lililobanana zaidi: 47 Tucanae ni la III, Omega la VIII. Lilihama polepole pia, zaidi ya dakika tano kuvuka uwanja uleule, kwa sababu liko karibu na ncha ya kusini ya anga. Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo, lilikuwa kando yake, digrii 2 na nusu hivi. Linaonekana kama jirani, lakini liko umbali wa miakanuru laki mbili hivi, na tufe karibu 15,000.

Kwa tufe hili Ukara si pazuri. Wingu la mwanga wa Mwanza, japo ni zaidi ya kilomita 70, lilikuwa chini yake, na hewa nzito ya digrii 16 ilipunguza punje. Bora kulirudia Oktoba saa 4 au 5 usiku, likiwa juu kabisa, mvua zikiruhusu.

16 Juni, usiku: matufe mengine

Faida ya kukaa karibu na ikweta ni kupata anga zote mbili bila kusogea.

M4 (M ni ya orodha ya Messier) ni rahisi kuliko yote: tafuta Antares, nyota nyekundu ya moyo wa kundinyota la Nge, kisha sogea digrii 1.3 magharibi. Lenzi ya milimita 25 inakaribia kushika vyote viwili kwa pamoja, lakini toa Antares nje ya uwanja, inapofusha. M4 iko karibu, miakanuru 6,000 hivi, imelegea, na katikati ina mstari wa nyota kama ufagio uliolazwa. William Herschel aliuona mwaka 1783. Mara 120 inatosha kuuona.

NGC 6397 (NGC ni orodha nyingine), kusini zaidi, nayo ni ya karibu na imelegea. Hupuuzwa kwa sababu haina jina la M. Haistahili kupuuzwa.

M22 ipo digrii 2 na nusu kaskazini-mashariki mwa Lambda Sagittarii. Ilipofika juu saa 7:45 usiku ilikuwa karibu na utosi, na hapo Dobsoni inasumbua: kusukuma kwa mlalo juu kabisa ni kama kugeuza toroli mlangoni. Itazame saa moja kabla au baada. Ukizungusha 10×50 polepole kutoka M4 hadi M22 utahesabu madoa mengine ya ukungu, tufe baada ya tufe, upande huo tu. Shapley mwaka 1918 alitumia mrundikano huo kuonyesha kwamba jua letu haliko katikati ya galaksi. Katikati ni huko ambako matufe yamejazana. Kutoka Ukara mwezi Juni mrundikano huo uko juu ya kichwa.

M13, kinara wa kaskazini, ilifika juu karibu saa 5:50 usiku, karibu digrii 52 upande wa kaskazini, juu ya ziwa na taa zote za dagaa. Kanga mbili zilihitajika. Punje zilionekana hadi karibu na kiini kwa mara 120, lakini baada ya Omega inaonekana ndogo. Watu wa Ulaya na Marekani huisifu kwa sababu ndiyo waliyo nayo.

Saa 6 upepo ulikufa na vijidudu vya ziwani vikaja, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi siku zinazozunguka giza la mwezi. Hawaumi, lakini mmoja aliyetua kwenye kioo cha mlalo huacha kivuli kwenye picha. Tochi zizimwe, hata nyekundu, na mdomo wa bomba ufunikwe kila unapobadilisha lenzi. Waliobaki ndani hutolewa kwa kulaza bomba mdomo chini na kuligonga nyuma, si kwa kupuliza. Mate hubaki kwenye kioo.

17 Juni: kurudi

Mwezi uliandama jioni, ukucha mwembamba magharibi, ukazama kabla ya saa 4. Omega ilitazamwa mara ya mwisho kwa 10×50 tu, Nansio, nyuma ya ukuta wa nyumba uliokinga taa za ziwani.

Vifaa havikufungwa usiku. Bomba liliachwa wazi ndani ya chumba kikavu, mdomo ukielekea chini, lenzi zikapangwa juu ya kanga kavu bila vifuniko mpaka saa 3 asubuhi. Kisha silika, kisha sanduku. Tone moja lilikuwa bado limejificha kwenye uzi wa skrubu wa lenzi ya milimita 6, likaonekana tu lilipoinuliwa dirishani. Lenzi hiyo ilisafiri mfukoni, nje ya sanduku, hadi Mwanza.